Kuoanisha

Zilifika Mtanda juu ya lori la korosho,
zimevishwa magunia, ndefu kama milango iliyokosa nyumba.
Bruda wa Ndanda alirudi kwao, akaziacha.
Nandonde, dereva, akasema:
"Fundi Somoe, hizi spika hazina koni.
Nimezigonga njia nzima. Ni wavu mtupu."

Nikamwambia asigonge tena.
Nyuma ya wavu mna utando
mwembamba kuliko ngozi ile ya korosho
inayobaki kidoleni ukishabangua.
Unalishwa volti elfu tano, nao hautumii kitu,
umejaa tu, unangoja
kati ya mabamba mawili,
moja likisukuma, la pili linavuta.
Sauti ni huko kuyumba.

Amplifaya nilikuwa nayo, ya marehemu baba:
vali nne, transfoma mbili nzito kama mawe ya kusagia,
aliiunda miaka miwili
kwa vyuma vya kiwanda cha mkonge kilichofungwa.

Kuunganisha ni kazi ya waya, mtoto anaweza.
Kuoanisha ni kazi ya mshenga,
na mshenga asiyeuliza kasoro
ni dalali.

Basi niliuliza, siku tatu, kwa mita na daftari.
Chini, kwenye ngoma, spika hukinza omu thelathini.
Katikati, kumi.
Huko juu, kwenye marimba ya chupa,
kwenye "s" ya mtu anayenong'ona,
omu moja na nusu, karibu na bure.
Sauti ikipanda, ukinzani unashuka.
Nani alilelewa hivyo?
Sisi wengine tukipanda ndipo tunapokaza.

Vali ni mwenyeji mkarimu, lakini ana mtungi mmoja.
Mgeni akinywa bila kikomo, mwenyeji hulegea.
Nikachomeka tundu la kumi na sita:
ngoma ilikuja, herufi nyembamba zikafa.
Tundu la nane:
mtu anasema vizuri, ila kafunika mdomo kwa kanga.
Kisha mvua ya Machi, unyevu, spika zikatatarika
kama chumvi motoni,
nikazima, nikaenda kupika.
Jua lilipokausha chumba
nikachomeka tundu la nne.

Kanda niliyojaribia ni ya baba mwenyewe,
karani wa mizani, ghala la ushirika, Mingoyo.
Chinunda alimshtaki kwa kilo tisa.
Kanda hii ndiyo iliyomwokoa:
waliisikiliza ofisini kwenye kiredio kimoja,
wote wakasikia, wote wakasaini.

"Gunia la kumi na saba. Kilo themanini na moja."

Nilisikia mnyororo wa mizani ukitulia.
Nilisikia shomoro chini ya bati.
Nilisikia penseli ikilowekwa ulimini kabla ya kuandika.
Na nyuma yake, upande wa kushoto, chini kwa chini,
kama anayejisomea,
sauti ya mwanamke:
"Tisini."

Nikarudisha kanda.
Tisini. Ile "s" imesimama kama sindano.

Spika hizi zina ubahili wao:
kiti kimoja tu chumbani ndicho kinachosikia yote,
ukisogea shubiri moja unabaki na mabaki.
Nikamwita mama. Nikamkalisha.
Alikuja na ungo wa mchele, akaendelea kuchagua.

Themanini na moja, akasema baba.

Vidole vikasimama juu ya ungo.
Vali zikang'aa rangi ya machungwa,
transfoma ikanguruma kidogo, kawaida yake.
Gunia la kumi na nane. Gunia la kumi na tisa.
Sikumtazama. Nilitazama daftari langu,
mstari ule unaoshuka.

"Mwanangu," akasema, akiokota punje moja ya mchanga,
"hiyo waya umeichomeka wapi?"

Kwenye nne, mama.

"Irudishe kwenye ile nane.
Hapa inasema mno."